BATRI HAIJAFA: TUPIME KWANZA, TUHUKUMU NYUMA

Bwana Prefe, Bibi na Mabwana walimu, ndugu wanafunzi wote,

Siku ya posho ijayo tutakuwa na mkutano mkubwa wa wanafunzi, na tunajua tayari neno gani litachukua saa nyingi kuliko mengine: ordinatere za chumba cha informatiki. Tunazo 12. Tangu mwezi wa kumi watu wanasema kwamba saba kati yao hazishiki umeme. Ukiziunga kwenye prizi zinawaka, ukizitoa zinazimika palepale, au zinabaki kwenye asilimia moja saa nzima bila kupanda.

Mawazo mawili yanazunguka ku internati na mu madarasa. La kwanza: kila mwanafunzi aongeze makuta kidogo juu ya minervali ili tununue batri saba mpya. La pili: wanafunzi wa saba na wa nane wakatazwe kuingia katika chumba kile mpaka mwisho wa mwaka, kwa kuwa, wanasema, “ni bale batoto njo banaharibishaka mashini”.

Sisi wa komite tunapinga yote mawili. Hatupingi kwa kuwa tunapenda ubishi. Tunapinga kwa sababu pamoja na mwalimu wa fizika tulikaa mchana mmoja mzima tukapima mashini zote saba, moja moja. Tuliyoyaona si yale yanayosemwa. Basi tunaomba kila mmoja asome kwanza, kisha aje mkutanoni na neno lake.

BATRI NI KITU GANI

Mtu anasema “batri ilikufa” kama vile anavyosema kuku alikufa. Lakini batri ya ordinatere si kitu kimoja. Ndani yake kuna vyumba vidogo, mara nyingi vitatu au vinne. Kila chumba kina volti 3,7 hivi, na kikijaa kabisa kinafika volti 4,2. Vyumba vitatu vikifuatana mustari moja vinatoa volti kama 11. Pamoja navyo kuna kibao kidogo cha elektroniki, ambacho ni kama sentineli ku mlango. Kazi yake ni kuruhusu umeme uingie au kuukataa. Joto likizidi, anakataa. Chumba kimoja kikiwa tupu kupita kipimo, anakataa au anaacha umeme uingie kidogo kidogo. Sharjeri ikiwa ya mashaka, ordinatere yenyewe inakataa kumpa batri kitu.

Kwa hiyo ukiona batri haipandi, usiseme mara moja kwamba imekufa. Uliza: nani amefunga mlango, na kwa sababu gani? Kati ya ukuta na batri kuna prizi, ralonji, sharjeri, kamba yake, ncha yake, tundu la mashini, programu, na yule sentineli. Batri ni ya mwisho kwenye mustari. Lakini kwetu ndiyo inayohukumiwa ya kwanza!

TULIVYOPIMA

Tulianza ku ukuta. Tulichukua taa moja tunayojua ni nzima, tukaiunga mu kila prizi na mu kila ralonji. Ralonji ya upande wa dirisha ilikuwa na matundu mawili yaliyolegea. Taa ilikuwa inawaka na kuzimika ukigusa kamba. Mashini mbili zilizokuwa zinakaa pale siku zote “zimekufa” tulizihamisha prizi ingine. Nyuma ya saa mbili na nusu zote mbili zilikuwa zimepita asilimia 90. Hizo ni mbili kati ya saba, na hazikuomba hata franka moja ya batri.

Kisha tulisoma sharjeri. Kila sharjeri ina karatasi ndogo mgongoni, na ni watu wachache wanaoisoma. Palipoandikwa OUTPUT kuna volti na ampere. Zidisha moja kwa ingine, unapata wati. Volti 19,5 mara ampere 3,34 ni wati 65. Volti 19,5 mara ampere 2,31 ni wati 45. Tulikuta mashini moja inayotaka wati 65 imepewa sharjeri ya wati 45, na ya wati 65 ilikuwa imelala kwa jirani yake ambayo 45 zingeitosha. Watu walizibadilisha siku ya kusafisha chumba, kwa kuwa ncha zinafanana. Mashini ile ilikuwa inakula umeme wote kwa kazi yake, na batri ilikuwa inapata makombo, ao hapana kitu. Tulizirudisha kila moja pahali pake, na mambo yalinyooka.

Kumbukeni vema jambo hili: volti lazima zilingane na zile zilizoandikwa chini ya mashini. Ampere za sharjeri zinaweza kuzidi bila hatari, kwa kuwa mashini inachukua tu zile inazohitaji. Zikipunguka, ndipo shida inaanza.

Mashini ya ine ilikuwa na sharjeri ambayo kamba yake imevunjika ku shingo, pale inapoingia mu ncha. Kwa nje huwezi kuona. Ukiikunja upande mmoja alama ya umeme inatokea, ukiikunja upande mwingine inapotea. Tulichukua sharjeri nzima ya aina ileile, tukaiunga kwenye mashini ile: batri ilianza kupanda. Tukachukua ile mbovu, tukaiunga kwenye mashini nzima: hiyo nayo ikakataa. Mwalimu alisema kwamba njia hii ya kubadilishana ni nusu ya kazi yote ya fundi, na haihitaji chombo chochote. Kosa likifuata sharjeri, sharjeri ndiyo mgonjwa. Kosa likibaki kwenye mashini, tafuta ndani ya mashini.

Hapa tuseme neno juu ya zile ncha za mviringo zenye sindano ndogo katikati, kama za Dell nyingi. Sindano ile haileti nguvu. Inapeleka habari kwa mashini: “Mimi ni sharjeri ya wati fulani.” Ikikunjwa au ikivunjika, mashini inawaka vizuri lakini inakataa kujaza batri, kwa kuwa haijui imeungwa na nani. Mtu asiyejua atanunua batri mpya, na hiyo pia haitajaa. Kwa hiyo tusiingize ncha kwa nguvu, na tusitoe sharjeri kwa kuvuta kamba kama mtu anayevuta mbuzi.

Mashini ya tano ndiyo iliyotuchekesha. Ilikuwa inapanda mpaka asilimia 60, halafu inasimama. Watu walisema batri imebaki nusu. Kumbe ndani ya programu ya mashini kuna pahali pa kuchagua kwamba batri isijazwe kupita asilimia 60, ili idumu zaidi kwa mashini inayokaa kwenye prizi kila siku. Mwenye mashini wa kwanza, kule ilikotoka, aliweka vile, na hakuna aliyeangalia. Tuliweka 80, ikafika 80. Haikuwa mgonjwa hata siku moja. Ilikuwa inatii.

Zikabaki mbili. Kwa hizo tulifanya kwanza kile mafundi wanachofanya: tulizima mashini, tukatoa sharjeri, tukatoa batri kwenye ile ambayo batri yake inatoka, tukakamata kitufe cha kuwasha kwa nusu dakika, kisha tukarudisha kila kitu. Mara nyingine sentineli anakwama katika hesabu zake, na kwa njia hii anaanza upya. Safari hii haikusaidia. Basi tuliomba mashini itoe ripoti yenyewe. Katika Windows ya siku hizi unafungua dirisha jeusi la maagizo, unaandika powercfg /batteryreport, na inakutengenezea karatasi. Mle ndani tafuteni hesabu mbili: uwezo batri iliokuwa nao siku ilipotoka ku fabrike, na uwezo ilio nao leo ikijaa. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Batri ya moja ilizaliwa na 41.000, leo inashika 15.600. Ni asilimia 38. Hiyo kweli imezeeka, na hakuna dawa.

Ya saba hatukuiwasha tena, maana tuliona kifuniko chake kimeinuka na mashini haikai tena sawa juu ya meza. Batri imevimba. Ndugu zetu, hapa hakuna mchezo. Batri iliyovimba ina gesi ndani. Usiitoboe, usiifinye, usiiunge na umeme, usiiweke karibu na moto wala usiitupe mu shimo la takataka wanapochoma makaratasi. Mwalimu aliitoa taratibu, na sasa iko ndani ya ndoo yenye mchanga, nje ya nyumba, mpaka fundi aichukue.

HESABU YA MAKUTA

Fundi mmoja wa mjini alituomba dola 45 kwa kila batri. Saba ni dola 315. Lakini kwa kweli tunahitaji batri mbili, dola 90, na sharjeri moja ya dola 15. Jumla 105. Ralonji mwalimu aliitengeneza yeye mwenyewe kwa tournevisi. Tofauti ni dola 210.

Dola 210 ni kitu. Wengi wetu tunajua namna gani mama anavyopata minervali: kuuza unga kopo kwa kopo, kuuza makala, kuamka saa kumi za usiku. Kumwambia aongeze tena, kwa batri tano ambazo ni nzima kabisa, ni kumwibia bila kumwonyesha kisu. Na tungezifunga zile batri mpya kwenye ralonji ileile na sharjeri zilezile. Nyuma ya miezi miwili tungesema: “Hata mupya zimekufa.”

WA SABA NA WA NANE

Sasa tuje kwa wadogo wetu. Wanafunzi wa saba waliingia shule hii mwezi wa tisa. Batri ya asilimia 38 imekwisha kujazwa na kumalizika mara zaidi ya 600, ripoti inaonyesha. Kwa kawaida batri za namna hii zinapoteza kama moja ya tano ya nguvu zao nyuma ya mizunguko 300 mpaka 500. Mashini hizi tulizipokea mwaka wa 2019, na hata siku ile zilikuwa zimekwisha kutumika kwingine. Je, mtoto wa miaka 12, anayeingia mule saa moja kwa juma, amechakaza kwa miezi michache kile kilichochakaa kwa miaka mingi? Tunaomba aliyesema vile aje atuonyeshe hesabu yake.

Na kama tunatafuta wanaochosha batri, tusiangalie chini tu. Usiku, wakati wa etide, nani wanaunga simu kwenye ordinatere kwa kamba ndogo? Si wa saba. Wao simu wangetoa wapi? Batri ya simu ya leo inashika kama wati-saa 15. Ya ordinatere zetu inashika 40 hivi ikiwa nzima. Simu moja ikijaa imekula zaidi ya theluthi moja ya ordinatere, na kila mara unasogeza mashini mbele kwenye njia ya uzee. Kisha asubuhi mtoto wa saba anafungua mashini, anakuta iko tupu, inazimika mikononi mwake, na jina linakuwa lake. Hiyo si haki. Sisi finalisti ndio tunapaswa kusema jambo hili kwa sauti, kwa kuwa wadogo hawatathubutu kulisema mbele ya bayaya zao.

Tusisahau tena kwamba kumkataza mtoto mashini mwaka mzima ni kitu kikubwa. Wengi hawana ordinatere nyumbani. Wale watakaochagua seksyo ya biashara watakuta mashini kwenye masomo na kwenye kazi. Mtoto aliyegusa tasta mara ya kwanza akiwa na miaka 17 ataanza mbio wakati wengine wanakaribia kufika.

MANENO YASIYO NA MSINGI

Mkutanoni tutasikia pia mashauri ya namna nyingi. Mmoja atasema: “Lazima batri imalizike mpaka sufuri mbele ya kuiunga.” Hiyo ilikuwa sheria ya batri za zamani za nikeli na kadmiumu. Hizi za lithiumu hazipendi sufuri. Zinapenda kukaa kati ya asilimia 20 na 80, na zikienda likizo kubwa ziachwe nusu, hapana tupu na hapana kujaa. Mwingine atasema tuiweke mu frigo. Atuachie: maji madogo ya baridi yataingia mule na kuharibu kile kilichobaki. Wa tatu atasema umeme wa mji ni mdogo, ndiyo sababu. Sharjeri nyingi zinaandikwa INPUT 100-240 V, maana yake zinavumilia umeme kushuka sana. Kinachoziua mara nyingi ni ile dakika ambayo umeme unarudi kwa ukali nyuma ya delestaji. Umeme ukikatika, toa sharjeri. Ukirudi, ngoja dakika tano. Hii haina bei.

Na jioni tukiwa kwenye pano za jua, tukumbuke inverteri yetu ni ya wati 500. Sharjeri 12 za wati 65 ni wati 780. Haiwezi! Inalia, inazima, na watu wanasema tena batri zimekufa. Sharjeri sita ni wati 390. Hizo inabeba, na taa mbili juu yake.

BATRI NA UDONGO WETU

Kuna sababu ingine ya kutotupa batri ovyo, na kwetu hapa iko mbele ya macho kila siku. Malori yanayoshuka kutoka Kolwezi, yanapita Likasi na Lubumbashi mpaka Kasumbalesa, mengine yamebeba magunia ya kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka mu inchi yetu, mu Lualaba na Haut-Katanga. Mwaka wa 1980, kule Oxford, John Goodenough na wenzake walionyesha kwamba kobalti pamoja na lithiumu inaweza kushika nguvu nyingi. Akira Yoshino wa Japani aliendeleza kazi ile, na mwaka wa 1991 Sony ilianza kuuza batri hizo. Goodenough, Yoshino na Stanley Whittingham walipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 2019. Kobalti yetu nyingi inasafishwa Uchina, inaingia mu batri, na batri inarudi kwetu kwa dola 45. Ndani ya mule mna jasho la watu tunaowajua, baba na kaka zetu wanaoshuka mu mashimo. Kutupa batri nzima kwa sababu ya ralonji iliyolegea ni kutupa jasho lile mara ya pili.

TUNAYOYAOMBA

Kwa hiyo siku ya posho komite italeta mbele yenu mambo matano:

1. Tununue batri mbili na sharjeri moja, kwa makuta yaliyomo tayari mu kesi ya wanafunzi. Wazazi wasiombwe kitu.

2. Kila sharjeri iandikwe namba ya mashini yake kwa rangi, na zisitengane.

3. Kaye moja ikae ndani ya chumba. Anayekuta shida anaandika tarehe, namba ya mashini, prizi gani, sharjeri gani, na alichoona. Asiandike “imekufa”. Aandike alichoona.

4. Jioni mashini sita tu ziungwe kwa mara moja, kwa zamu, na simu hata moja isiungwe kwenye ordinatere, iwe ya mkubwa ao ya mdogo.

5. Wanafunzi wa saba na wa nane waendelee kuingia kwa saa yao, na kila darasa lichague wawili watakaofundishwa kupima kama tulivyopima sisi. Sisi finalisti tunaondoka mwezi wa saba. Tukienda na maarifa haya mu vichwa vyetu, mwaka ujao mtaanza tena kulia.

Asiye na wazo moja nasi aje aseme, tutamsikiliza. Lakini aje na kipimo. Mashini namba 3, 5, 8, 9 na 11 ziko mezani, zimejaa, kila mtu anaweza kuzitoa kwenye prizi na kuhesabu mwenyewe dakika zinazodumu. Chumba kitakuwa wazi siku ya tano kuanzia saa tisa.



Kwa jina la Komite ya wanafunzi,
Doyeni wa shule, finalisti